Chakula cha Mbwa: Kilicho Rahisi na Kilicho Ghali

Wasikilizaji wetu, nanyi mnaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kusema nanyi habari ya chakula cha mbwa. Huenda wengine watacheka na kuuliza, "Je, watu wamekwisha kushiba hata tuanze kuhesabu chakula cha mbwa?" Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Mtu asiye na fedha nyingi ndiye hasa apaswaye kukihesabu chakula cha mbwa wake, maana yeye ndiye apatiliziwaye hasara akikihesabu vibaya. Tena twataka kuonyesha ya kuwa chakula chema cha mbwa hupatikana katika jiko, soko na mto wa watu wa bonde letu, bila ya kumnyima mtoto tonge lake.

Wahenga walisema, "Rahisi huvunja upishi." Maneno hayo walisema juu ya chakula cha watu, lakini yamfaa mbwa pia, kama tutakavyoona.

Kazi ya mbwa na ujira wake

Tazameni maisha ya watu wa Kivukoni, karibu na Ifakara, pale ambapo pantoni ilikuwa ikivusha watu na magari katika Mto Kilombero kabla ya daraja kubwa lililofunguliwa rasmi mwaka 2018. Wengi wa watu hao hulima mpunga bondeni na kuvua samaki mtoni. Mpunga ukianza kukomaa, watu huhamia mashambani, wakakaa katika vibanda na kujenga dungu la kuamia ndege. Mchana adui ni kwelea na nyani. Usiku adui ni nguruwe mwitu, ambao kundi lao laweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya miezi mitano. Mtu aliyechoka hulala. Mbwa husikia kishindo majanini kabla ya mtu, naye hubweka, bwana wake akaamka.

Mlinzi huyu hapokei mshahara. Ujira wake ni chakula. Lakini katika nyumba nyingi hupewa nini? Hupewa ukoko wa sufuria, maji yaliyooshea vyungu, pumba za mashineni, na pengine mahindi yaliyoota kuvu ambayo mama wa nyumba ameona hayafai kwa ugali. Siku nyingine hapewi kitu kabisa, bali huambiwa akajitafutie. Naye hujitafutia kweli: huiba mayai ya jirani, hufukua jalala, huzunguka machinjioni na sokoni, akapigana na mbwa wa huko. Ndipo ugomvi wa majirani uanzapo, na pengine ugonjwa pia.

Mtu akisema kwamba mbwa wake hamgharimu kitu kwa kuwa hamlishi, hesabu yake haikukamilika. Hakuhesabu kuku aliowalipa, wala gunia la mpunga lililoliwa usiku mbwa alipokuwa jalalani, wala nauli ya kumpeleka hospitali mtoto aliyeumwa. Bei ya chakula kibaya hulipwa, ila hulipwa mahali pengine.

Mwili wa mbwa wataka nini

Wako wasemao kwamba mbwa ni mnyama wa kula nyama tu, na kwa kuwa nyama ni ghali, basi maskini hawezi kumlisha mbwa vema. Maneno hayo si ya kweli. Asili ya mbwa ni mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, lakini amekaa na watu kwa maelfu ya miaka akila makombo yao, na tumbo lake limejifunza. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba mbwa ana uwezo mkubwa kuliko ule wa mbwa mwitu wa kusaga wanga wa nafaka. Kwa hiyo ugali na wali humfaa, mradi viive vizuri.

Lakini ugali peke yake haumtoshi. Mwili wa mbwa, kama mwili wa mtoto wa shule, wataka vitu vya namna tatu. Kwanza, chakula cha kutia nguvu, yaani wanga na mafuta. Pili, chakula cha kujenga mwili, yaani protini, ipatikanayo katika samaki, nyama, mayai na kunde. Tatu, chakula cha kulinda mwili, yaani vitamini na madini, pamoja na kalsiamu ambayo hujenga mifupa.

Katika gramu 100 za unga wa mahindi mna protini gramu 8 au 9 tu. Mbwa mzima anahitaji angalau gramu 18 katika kila gramu 100 za chakula kikavu, na mtoto wa mbwa anahitaji zaidi. Ndiyo sababu mbwa alaye ugali mtupu huweza kujaza tumbo na bado akakonda mgongo, manyoya yakakwajuka, na kidonda kidogo kikakawia kupona. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa.

Pia nafaka na pumba zina kitu ambacho hushika madini ya zinki tumboni, mwili usiyapate. Mbwa anayekula nafaka tupu kwa muda mrefu huweza kupata magamba makavu pembeni mwa macho na mdomo, na nyayo zake zikawa ngumu. Watu hudhani ni upele, wakampaka oili chafu ya gari, ambayo ni sumu mwilini mwake. Ingefaa kwanza kutazama sahani yake.

Vyakula vya bonde letu

Sasa na tuvitazame vyakula vilivyo karibu nasi, kimoja kimoja.

Wali na ukoko wake, ugali, viazi vitamu na muhogo uliopikwa vizuri, vyote ni vyakula vya kutia nguvu. Chenga za mchele, ambazo huuzwa kwa bei ya chini kuliko mchele mzima, zatosha kabisa kwa mbwa. Muhogo mchungu usipewe mbwa kabla ya kuondolewa sumu, kama vile usivyopewa mtu.

Pumba za mpunga ni nyingi Ifakara kwa sababu ya mashine za kukoboa. Yapasa kuzitambua vizuri. Pumba laini, ile ngozi ya ndani ya punje, ina protini na mafuta. Lakini katika mashine nyingi huchanganyika na maganda ya nje, ambayo ni makali na hayana faida tumboni. Tena mafuta ya pumba huanza kuharibika mara baada ya kukobolewa. Zikikaa siku nyingi hutoa harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Kwa hiyo pumba laini na mpya zaweza kuchanganywa kidogo katika uji wa mbwa, lakini zisiwe ndizo chakula chake.

Dagaa ndio hazina ya mtu wa kipato kidogo. Dagaa wakavu wa maziwa yetu hufika kila soko la nchi, na katika gramu 100 zao mna protini kama gramu 60. Kwa kuwa dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mbwa kalsiamu pia. Dagaa waliovunjikavunjika, ambao wachuuzi huwauza kwa bei ya chini chini ya gunia, wanafaa sana, ila waoshwe kwa maji mengi ili mchanga utoke.

Samaki wa mtoni, kama kambale, perege na kitoga, hutuachia vichwa, mapezi na matumbo. Vitu hivyo aghalabu hutupwa palepale wavuvi wanapouzia. Vikichemshwa vizuri ni chakula bora kisicho na bei. Lakini visitolewe vibichi: baadhi ya samaki wabichi wana kitu ambacho huharibu vitamini moja ya muhimu mwilini, na moto hukiondoa. Samaki wa chumvi nao waroweshwe usiku kucha na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

Matumbo, mapafu, bandama na damu kutoka machinjioni ni vya bei ndogo, na vyote ni vyakula vya kujenga mwili. Ini ni bora sana, lakini kidogo chake chatosha, kipande cha ukubwa wa vidole viwili mara moja kwa juma. Maharage, kunde na choroko husaidia siku ambayo hakuna dagaa. Zichemshwe mpaka ziwe laini kabisa na kupondwa. Mchicha, majani ya maboga, na viazi vitamu vya rangi ya manjano humpa mbwa vitamini za kulinda macho na ngozi.

Hesabu ya kilo na shilingi

Nanyi wanafunzi, chukueni kalamu, maana sasa twafanya hesabu. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila mtu aweke mahali pake bei za soko lake.

Tuseme kilo ya nyama ya ng'ombe ni shilingi 10,000, na kilo ya dagaa ni shilingi 8,000. Mtu atazamaye haraka ataona tofauti ni ndogo. Lakini nyama mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kilo moja mna protini kama gramu 200. Katika kilo moja ya dagaa wakavu mna protini kama gramu 600. Gawanyeni. Gramu moja ya protini ya nyama imegharimu shilingi 50, na gramu moja ya protini ya dagaa imegharimu shilingi 13 na kitu. Basi dagaa si rahisi kidogo kuliko nyama, bali karibu mara nne. Haya ndiyo maana ya kununua chakula kwa akili: hatununui uzito, twanunua faida iliyomo ndani ya uzito.

Sasa mbwa wetu anahitaji kiasi gani? Mbwa wengi wa vijijini wana uzito kama wa kilo 15. Mbwa mzima wa uzito huo, mwenye kazi ya ulinzi, atatoshelezwa kwa siku na unga gramu 200, dagaa wakavu gramu 60, na kijiko kimoja cha mafuta ya kula. Mbwa wa kilo 10 atatoshelezwa na unga gramu 150 na dagaa gramu 45. Mbwa wa kilo 20 apewe unga gramu 250, yaani robo kilo, na dagaa gramu 75. Kila mmoja aongezewe majani ya mboga kiganja kimoja. Asiye na mizani ampimie muuza duka robo kilo ya unga mara moja, aione inajaza kikombe gani na kufika wapi, kisha akitumie kikombe hicho daima.

Kwa mwezi wa siku 30, mbwa wa kilo 15 atakula unga kilo 6 na dagaa kilo moja na gramu 800. Tukiweka unga kwa shilingi 1,200 kilo, ni shilingi 7,200. Dagaa ni shilingi 14,400. Mafuta tuyakadirie shilingi 1,500. Jumla ni shilingi 23,100 kwa mwezi, yaani shilingi 770 kwa siku. Mtu aliye karibu na mto, akitumia vichwa vya samaki nusu ya siku za mwezi, ataokoa shilingi 7,200 za dagaa. Mwenye mahindi yake mwenyewe ghalani hatatoa fedha ya unga. Basi gharama ya fedha taslimu yaweza kushuka mpaka karibu shilingi 9,000 kwa mwezi.

Hesabu hiyo pia yatufundisha jambo jingine. Kama twaweza kulisha vema mbwa mmoja, tusifuge wanne. Mbwa mmoja aliyeshiba hulinda shamba kuliko wanne walio na njaa, ambao usiku wako jalalani.

Namna ya kupika na kulisha

Maji yachemke, dagaa waliooshwa na kutwangwa kinuni watiwe kwanza, kisha unga, usongwe mpaka uive na kuwa mlaini kuliko ugali wa watu. Dagaa hutwangwa ili mbwa asiwachague na kuacha unga. Majani ya mboga hukatwakatwa na kutiwa mwishoni, na mafuta baada ya kuepua. Usitie pilipili wala vitunguu. Chakula kipoe ndipo kitolewe.

Mbwa mzima alishwe mara mbili kwa siku, saa zile zile kila siku. Mlo mkubwa uwe wa jioni, nyumbani au penye kibanda cha shamba. Hivyo atazoea kurudi jua linapotua, nao ndio wakati tunaomhitaji. Watoto wa mbwa walioachishwa kunyonya wapewe mara nne kwa siku mpaka wafikishe miezi 3, kisha mara tatu mpaka miezi 6. Mbwa anyonyeshaye aongezewe chakula hata kufikia mara mbili au tatu ya kile cha kawaida, maana maziwa ya watoto wake hutoka mwilini mwake mwenyewe. Kama hakuna dagaa wala samaki wenye mifupa, maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yawe unga, nusu ya kijiko kidogo cha chai kwa siku, humpa mbwa mzima kalsiamu.

Maji safi yawepo daima. Mbwa wa kilo 15 huhitaji karibu lita moja kwa siku, na zaidi wakati wa joto la bondeni.

Chombo cha mbwa kiwe chake peke yake. Katika nyumba za Waislamu mbwa hukaa nje, wala chombo chake hakichanganywi na vyombo vya watu; desturi hiyo ya kutenga vyombo yafaa katika kila nyumba, kwa afya ya wote. Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anapokula.

Vyakula vya hatari

Hatari ya kwanza, nayo ni kubwa kuliko zote, ni nafaka na karanga zilizoota kuvu. Kuvu fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Habari zake zilianza kujulikana vizuri mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama waumizwao nayo upesi. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa mwaka 2021, huko Marekani, mbwa zaidi ya 100 walikufa baada ya kula chakula cha kiwandani kilichokuwa na sumukuvu. Mbwa aliyepatwa hukataa chakula, hutapika, macho na ufizi huwa manjano, na pengine hutokwa damu.

Sikilizeni vizuri: kupika hakuiondoi sumukuvu. Kuyaosha mahindi na kuyaanika upya huondoa ukungu unaoonekana, lakini sumu hubaki ndani ya punje. Wala sumu hiyo si ya mbwa tu. Mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafa. Basi yule asemaye, "Mahindi haya yameharibika, mpeni mbwa," na ajue kwamba gunia lililotoa mahindi ya mbwa ndilo lililotoa unga wa uji wa watoto. Kilichokuwa kibaya hata kisimfae mtu, hakimfai mbwa wala kuku. Kichomwe au kifukiwe. Dawa ya sumukuvu hutangulia kuvuna na kuhifadhi: mahindi yaanikwe juu ya turubai, yakauke kabisa, yahifadhiwe juu ya vichanja, mbali na unyevu wa masika.

Hatari ya pili ni mapafu na maini mabichi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Pengine ndani yake mna vifuko vya maji, na katika vifuko hivyo mna vijitegu vichanga sana. Mbwa akivila vibichi, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto anayecheza uani akiyameza, vifuko vya namna ile ile humea katika ini au mapafu yake, na pengine hapana tiba ila kupasuliwa. Katika nchi ya Waturkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu ulizidi sana hata katika miaka ya 1980 ikaanzishwa kazi maalumu ya kuupiga vita. Kinga yake ni rahisi: mapafu na maini yachemshwe kwa nusu saa nzima, na kiungo alichokikataa mkaguzi wa nyama kisichukuliwe hata kwa ajili ya mbwa.

Hatari ya tatu ni mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika kwa ncha kali, ikachoma koo na matumbo. Hatari ya nne ni vitunguu maji, vitunguu saumu, zabibu na chokoleti. Vitu hivyo, ambavyo kwetu ni vitamu, kwa mbwa ni sumu. Maziwa nayo si sumu, lakini mbwa wengi wazima huharishwa nayo.

Chakula cha kiwandani

Pengine mtu mwenye ndugu Dar es Salaam au Arusha ameona mifuko ya chakula cha mbwa dukani, nayo yauzwa kwa fedha nyingi. Biashara hiyo ina umri mrefu. Yasemekana ilianza London karibu na mwaka 1860, Mmarekani aitwaye James Spratt alipoona mbwa wa bandarini wakila biskuti ngumu zilizotupwa na mabaharia. Akatengeneza biskuti za mbwa za kuuza. Maana yake ni kwamba hata chakula cha kiwandani kilianzia katika nafaka na makombo.

Mwenye uwezo wa kununua asitazame picha ya mbwa mnene iliyo juu ya mfuko, bali asome maandishi madogo ya nyuma. Vitu vilivyomo hutajwa kwa kufuata uzito: cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Protini isipungue asilimia 18 kwa mbwa mzima. Iandikwe kwamba ni chakula kamili, si cha nyongeza tu. Tarehe ya mwisho isiwe imepita, na mfuko usiwe umepasuka wala kulowana. Chakula cha mkebe kisilinganishwe na kikavu kwa uzito tu, maana robo tatu ya cha mkebe na zaidi ni maji.

Tena bei ihesabiwe kwa siku. Mbwa wa kilo 15 hula kama gramu 280 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 8 na gramu 400 kwa mwezi. Tuseme kilo ni shilingi 6,000; kwa mwezi ni shilingi 50,400, na kwa siku ni shilingi 1,680. Ni zaidi ya mara mbili ya chungu chetu cha unga na dagaa. Kina faida kwamba kimepimwa na hakihitaji kuni. Lakini asiyekuwa nacho asione haya, maana mbwa wake aweza kuwa na afya njema bila hicho.

Chakula na chanjo

Mwishoni hatuna budi kutaja kichaa cha mbwa. Chakula hakizuii ugonjwa huo. Kinachouzuia ni chanjo peke yake. Lakini viwili hivi vyasaidiana. Mbwa alishwaye nyumbani humjua bwana wake, hukubali kushikwa na kufungwa kamba, na siku ya chanjo huweza kuletwa. Mbwa ajilishaye jalalani nani atamleta? Shirika la Afya Duniani husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuanzia mwaka 2010 kazi kubwa ya kuwachanja mbwa ilifanyika kusini-mashariki mwa nchi yetu na kisiwani Pemba, na mafanikio yake yalitegemea jambo dogo hilo: kila mbwa awe na mtu wa kumshika. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na aende hospitali siku ile ile, asingoje dalili, maana dalili zikitokea hapana dawa.

Mtajuaje kwamba mbwa wenu analishwa vema? Pitisheni kiganja ubavuni mwake. Mbavu zihisiwe kwa urahisi chini ya ngozi, lakini zisihesabike kwa macho ya mtu aliye mbali. Manyoya yang'ae, macho yawe maangavu, na choo chake kiwe kigumu kiasi. Akila vizuri na bado akakonda, huenda ana minyoo; mwulizeni afisa mifugo wa kata yenu dawa yake.

Basi hiyo ndiyo habari ya chakula cha mbwa. Unga mzuri, dagaa waliooshwa, kiganja cha mboga, maji safi, na moto wa kutosha: hakuna katika hivyo kitu cha kigeni wala cha anasa. Msimu wa mpunga ukifika, kabla ya kuhamia shambani, hesabuni dagaa wa mlinzi wenu pamoja na chumvi na mafuta ya taa mnayoyafungasha, naye atawalipa usiku ule nguruwe watakapoingia shambani.